Neno la Aliyefika Mwisho

Agatha alikuwa na uwezo wa kushinda. Hilo lisemwe kwanza, maana watu wa Dongobesh hawakawii kusema mtu kashindwa kwa uzembe. Mwaka mzima, kila alfajiri kabla ya kumwagilia vitunguu saumu vyake, alikimbia mlimani mpaka mbwa wa njiani wakamzoea wakaacha kubweka. Baiskeli aliendesha hadi magoti yakalia. Na maji, yale maji yaliyotaka kumuua, aliyarudia huku akitetemeka, akayapiga mikono mpaka yakamtii. Kila mtu katika klabu alijua kwamba mwaka huu Agatha ndiye wa kwanza, na wa kwanza ndiye anayepelekwa Mwanza kwenye mashindano makubwa.

Lakini yeye hakutaka kuwa wa kwanza. Alitaka kuwa wa mwisho.

Usicheke. Ngoja nikueleze.

Klabu yao inaitwa Tatu kwa Moja. Unaogelea, unapanda baiskeli, unakimbia, yote siku moja, bila kupumzika na bila kulipwa hata soda. Majirani wanawaita wendawazimu na wao hawabishi. Wako kumi na wawili. Kila mwaka baada ya mavuno wanashuka Balangdalalu, wanavuka bwawa la kunyweshea mifugo, wanapanda baiskeli hadi chini ya mlima, halafu wanakimbia kupanda Gitting, ambako akina mama wanawangoja na masufuria.

Mwaka wa kwanza kabisa, Mwalimu Sulle, mwalimu mstaafu mwenye goti bovu, alifika wa mwisho. Alichelewa mno hata akakuta makande yamebaki ukoko. Mwingine angegomba. Yeye alipanda juu ya gogo akaanza kutaja watu kwa majina: huyu aliniachia chupa ya maji juu ya jiwe, huyu alinifungia mnyororo wa baiskeli, yule aliniimbia kwenye kilima. "Mtu wa mwisho ndiye aliyeona migongo ya wote," alisema, "kwa hiyo ndiye anayejua nani aligeuka nyuma." Akawaamuru wapigiane makofi kama darasani, matatu kwa huyu, matano kwa yule, kila mtu kwa kadiri ya alichotenda.

Tangu siku hiyo ikawa sheria. Aliyefika mwisho ndiye anayepanda gogo kuwashukuru wenzake. Akiwa juu hakatizwi na mtu, hata na kapteni, na neno lake halibishiwi. Wa kwanza kutajwa anapewa blanketi la klabu, na anayemvalisha ni yule aliyekuwa nalo mwaka uliopita, kwa mikono yake mwenyewe. Na asiyetajwa kabisa anaosha baiskeli zote kumi na mbili. Hiyo ya mwisho ilikuwa kama utani tu, maana tangu klabu ianze hakuna aliyewahi kuachwa. Nani ana roho ngumu kiasi hicho?

Agatha alikuwa nayo. Alikuwa ameilea mwaka mzima kama mtu anavyolea ndama.

Chanzo chake ni Herman. Herman ndiye kapteni, mwenye duka la spea za baiskeli pale Dongobesh, mrefu, mcheshi, wa kusalimia kila bibi barabarani. Mwaka jana, wiki moja kabla ya mashindano, alikuja bwana mmoja kutoka Arusha, mmoja wa waandaaji wa mashindano ya Mwanza, na saa yake ya kupimia mbio. Aliwataka wawili tu, walio bora, wavuke bwawa kisha wakimbie hadi barabarani, ambako yeye alisimama kwa kuogopa tope. Walio bora walikuwa Herman na Agatha. Klabu ina kanuni moja ya maji ambayo hata mlevi haisahau: mnaingia wawili, mnatoka wawili. Mwenzi wako wa maji humwachi mpaka nyayo zake zikanyage udongo.

Katikati ya bwawa mguu wa Agatha ukabanwa na msuli. Alipiga yowe. Herman aligeuka, wakaonana macho kwa macho. Kisha akageuza kichwa akaendelea kuogelea.

Macho yale Agatha hakuyasahau. Baada ya hapo alikumbuka maji ya tope kooni, giza, halafu harufu ya ng'ombe. Alikumbuka mkono wa mtu ukimshikisha mkia, kabisa, mkia wa ng'ombe, na dume kubwa lenye baka jeupe kwenye nundu likimvuta hadi ukingoni. Mfugaji wa Kibarbaigi mwenye shuka jeusi alimlaza kifudifudi akamkamua maji tumboni. Hapo ng'ombe wake wengine wakaingia kwenye shamba la mahindi la mtu, mwenye shamba akaanza kupiga kelele, na mfugaji akakimbia kuwaswaga. Aliporudi Herman kutoka barabarani, Agatha alikuwa peke yake, anatapika. Bwana wa Arusha alipofika na viatu vyake mkononi alimkuta Herman amempakata, analia machozi. "Nimerudi majini nikamtoa," Herman alisema.

Na ikawa hivyo. Agatha alipotoka hospitali, Dongobesh nzima ilikuwa imeshamjua shujaa wake. Mwalimu Sulle alikuwa ameshapanda gogo, amemtaja Herman wa kwanza, amempigisha makofi kumi na mawili. Blanketi lilikuwa begani kwake. Na mama yake Agatha, Mama Marieta wa watu, alikuwa ameshampelekea kondoo jike wa shukrani, tena yule mnene.

Agatha alisema ukweli. Nani alimsikia? "Aliokolewa na ng'ombe!" walicheka dukani. Hata mama yake alimshika paji la uso kwa huruma. "Mwanangu, ulikunywa maji mengi. Mtu akizama anaona mambo." Na Herman, mtu huyu jamani, Herman aliwakemea waliocheka! "Mwacheni dada yangu, amepitia makubwa." Agatha aliposikia hivyo alienda nyuma ya nyumba akauma khanga yake, maana angepiga yowe angeambiwa amepandisha mashetani.

Basi akanyamaza, akaanza kupanga.

Kwanza alimtafuta mfugaji. Alihudhuria mnada wa Balangdalalu mwezi hadi mwezi, akitazama nundu badala ya nyuso. Mwezi wa saba aliliona baka jeupe. Mwenye dume aliitwa Gidahosh, mtu mzima, mwembamba, mpole wa maneno. "Shikamoo baba," Agatha alisema.

"Marahaba." Gidahosh alimtazama kwa muda. "Wewe ni wa bwawani. Mguu umepona?"

Agatha alilia mbele ya ng'ombe wa watu. Alimwomba afike Gitting siku ya mashindano, naye akakubali bila maswali. Agatha pia hakumwuliza swali hata moja. Aliona anajua yote yaliyotokea, na hapo ndipo alipokosea, lakini tutafika huko.

Siku ikafika. Agatha aliingia majini na Perpetua, mtunza saa wa klabu, wakatoka pamoja. Kisha kazi yake halisi ikaanza. Alikaa chini akavaa viatu kama bibi harusi. Kiatu cha kushoto akakivua tena, akakung'uta mchanga ambao haukuwepo. Baiskeli zilimpita moja baada ya nyingine, na kila aliyempita aliita, "Agatha, vipi? Twende!" Kila jina aliliweka moyoni, maana angelihitaji. Herman peke yake alipita bila kuita, blanketi amelifunga kwenye kisanduku cha nyuma.

Jamani, kushinda ni rahisi kuliko kushindwa kwa makusudi. Miguu yake ilikuwa imefundishwa mwaka mzima; ilitaka kwenda. Kwenye mteremko baiskeli ilijikimbiza yenyewe, akashika breki mpaka zikanuka. Mbele aliona vumbi la wenzake likipanda, akajua kabisa angeweza kuwafikia wote, hata Herman, na Mwanza ingekuwa yake. Roho ilimuuma. Akajikumbusha kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama, akashuka kwenye baiskeli akaisukuma.

Tatizo lilikuwa Mwalimu Sulle. Miaka yote wa mwisho ni yeye. Agatha alikuwa amepiga hesabu kila kitu isipokuwa namna ya kuwa goigoi kuliko mzee wa miaka sitini na mitatu mwenye goti moja. Kwenye kilima cha Gitting, katikati ya mashamba ya ngano yaliyovunwa, alimkuta amekaa juu ya jiwe.

"Shikamoo mwalimu. Endelea tu, mimi napumzika kidogo."

"Marahaba binti yangu. Nakusubiri wewe. Unaumwa?"

"Siumwi. Tangulia, mwalimu."

"Nikuache? Baada ya yale ya mwaka jana?" Sulle alikunja mikono kifuani. "Sisogei."

Agatha alikaa kwenye mawe ya upande wa pili. Wakatazamana. Mbuzi walipita, wakaisha. Walio mbele labda walikuwa wameshaanza kupakuliwa.

"Mwalimu, nakuomba, pita."

"Pita wewe. Mimi ndiye mtu wa mwisho, kila mtu anajua. Hotuba ninayo mfukoni."

Hapo uvumilivu ukamwisha. Alimwambia yote, kwa sauti ya juu, kuanzia macho ya Herman hadi mkia wa ng'ombe, na kwamba mwenye ng'ombe yuko hai, anaitwa Gidahosh, na wakati huu amekaa kule juu anangoja. Mwalimu Sulle alisikiliza mdomo wazi. Agatha alidhani atamwambia asamehe, wazee ndivyo walivyo. Wapi! Mzee alisimama kwa goti lake bovu akapiga fimbo chini.

"Makofi kumi na mawili! Nilimpa kwa kinywa changu! Mimi, niliyefundisha watoto miaka thelathini na sita wasidanganye!" Akapiga fimbo tena. "Basi wa mwisho lazima niwe mimi. Nipande pale nimpasulie mbele za watu."

"Mwalimu, aliyezama ni mimi."

Sulle aliishusha fimbo. Akatoa karatasi ya hotuba mfukoni, akaichana, akaiweka mfukoni tena kwa sababu ni mtu msafi. Kisha wakapanda pamoja, na walipofika kwenye kamba ya mwisho mzee akavuta pumzi, akakanyaga hatua mbili mbele yake. Watu wakashangaa. Bwana wa Arusha akaandika jina la Herman la kwanza, na la Agatha la kumi na mbili.

"Gogo!" wakaimba. "Wa mwisho apande gogo!"

Alipanda. Mbele yake walikaa wenzake kumi na mmoja, na akina mama kwenye masufuria, mama yake mwiko mkononi. Herman alikuwa ameshajifunga blanketi begani, anatabasamu, tayari kumvalisha yeyote. Pembeni kabisa, karibu na uzio wa minyaa, Gidahosh alikaa na fimbo yake mapajani, anakunywa chai aliyopewa. Hakuna aliyemuuliza ni nani. Mnada ulikuwa karibu, wafugaji hupita.

"Wa kwanza," Agatha alisema, "ni mtu ambaye hamumjui. Mwaka jana nilizama bwawani. Mtu huyu aliswaga dume lake majini akashika mkia, akanifikia, akanitoa. Mlicheka niliposema. Sasa mtazameni. Anaitwa Gidahosh, amekaa pale. Makofi kumi na mawili, na blanketi ni lake."

Hakuna aliyepiga makofi. Wote walimgeukia Herman. Tabasamu lilikuwa bado usoni, ila limekufa. Alitaka kusema kitu, Mwalimu Sulle akapiga fimbo chini. "Mtu wa mwisho hakatizwi! Kapteni, mvalishe mgeni."

Lo! Herman alitembea zile hatua ishirini kama anayevuka mto uliofurika. Agatha alimwangalia kila hatua, na nisikufiche, alifurahi. Furaha chungu, lakini furaha. Mwaka mzima alikuwa ameiota mikono ile ikilitoa blanketi begani.

Gidahosh alisimama kwa heshima. Blanketi lilipomgusa aliinua macho, akamtazama Herman, na uso wake ukachangamka. Akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Kumbe ni wewe!" alisema. Akawageukia watu. "Huyu ndiye aliyeniita. Mimi sikuona kitu, nilikuwa nimegeukia ng'ombe. Yeye alitoka majini akapiga kelele, 'Wee! Mtu anazama!' Akanyoosha kidole, akakimbia." Alicheka kidogo, cheko la mtu anayekumbuka siku njema. "Nilijua amekimbilia kamba. Nilingoja. Nikaona kamba inachelewa, nikamwingiza dume." Akamgeukia Herman tena, kwa upole kabisa. "Ile kamba, uliipata?"

Akina mama waliacha kukoroga. Sufuria moja tu ndiyo ilikuwa inatokota.

Herman alivuta mkono, haukutoka. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho kwenye uzio wa minyaa, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mtu aliyedhani anamshukuru.

Na Agatha, juu ya gogo, alihisi kitu kikimponyoka. Kelele? Alipiga kelele? Hakulijua hilo. Mwaka mzima alikuwa amemchukia mtu mbaya mtupu, toka utosini hadi kisiginoni, na sasa Mbarbaigi huyu mkweli, bila kuombwa, anampunguzia ubaya. Alimkasirikia hata Gidahosh. Kelele ile ndiyo iliyomgeuza mfugaji. Bila kelele ile angekuwa kaburini na vitunguu vyake vimechanua maua.

Akaendelea, maana gogo halina mahali pa kukaa. Alimtaja Perpetua, aliyetoka naye majini nyayo kwa nyayo, makofi matano. Akawataja wote walioita jina lake walipompita na baiskeli, mmoja mmoja, kila mtu makofi matatu. Alimtaja mama yake kwa uji wa alfajiri, ingawa si mwanachama, na hakuna aliyebisha. Alimtaja Mwalimu Sulle kwa kumpisha, makofi saba, na mzee akajifuta macho kwa karatasi yake iliyochanika.

Watu walihesabu kwa vidole. Kumi na mmoja wenzake, kumi wametajwa. Mmoja hajatajwa. Kwa mara ya kwanza tangu klabu ianze, ndoo na brashi zilikuwa na mwenyewe. Herman alijua. Alikuwa ameshainama kushika ndoo, kichwa chini, masikio yamemwiva.

Angeshuka sasa, ingekuwa imekwisha. Ndivyo alivyopanga. Kila alfajiri, kila kilima, ilikuwa kwa ajili ya dakika hii. Lakini alikuwa amesimama juu ya gogo la kusema kweli, na kama angeificha ile kelele, yeye na Herman wangetofautiana nini?

"Bado mmoja," alisema. "Herman."

Ndoo ilisimama hewani.

"Mwaka jana nilipokuwa nazama, Herman alinitazama, akaniacha. Hilo nililijua. Ambalo sikulijua mpaka leo ni kwamba alipofika ukingoni alipiga kelele. Gidahosh akasikia, ndiyo maana niko hapa. Kwa hiyo namtaja. Kwa kelele ile namshukuru, na baiskeli hataosha." Alivuta pumzi. "Kelele ilikuwa moja. Apigiwe kofi moja."

Mwalimu Sulle aliinua fimbo kama anaongoza darasa. "Haya, wote! Moja!"

Pa!

Mikono yote pamoja, mara moja tu, halafu kimya. Mbwa alibweka kule mashambani. Umewahi kusikia watu wengi wakipiga kofi moja kwa ajili yako, kisha wakaacha? Afadhali kuosha baiskeli mia. Herman aliweka ndoo chini taratibu, akabaki hajui aiweke wapi mikono yake.

Mama yake Agatha aliacha mwiko, akamwendea. Hakumsalimia. "Kondoo wangu yuko hai?"

"Yuko hai, mama. Amezaa."

"Jumapili baada ya misa nakuja kumchukua. Ana mwenyewe, amesimama pale na blanketi." Alifikiri kidogo. "Mtoto wake baki naye. Kelele nayo ni kitu."

Kisha akamrudia binti yake, akamshika paji la uso kama mwaka ule, ila safari hii alikuwa analia. "Nisamehe, mwanangu. Ulisema."

"Nilisema, mama."

Walipakua. Alipofika Agatha kwenye sufuria palikuwa pamebaki ukoko, maana ndio fungu la wa mwisho, akaukwangua wote akala amesimama.

Herman alikwenda Mwanza. Kwa saa ya bwana wa Arusha alikuwa wa kwanza, na saa haijui mambo ya watu. Agatha ilimuuma, na bado inamuuma. Asikudanganye mtu kwamba kisasi kinashibisha. Lakini Dongobesh ni Dongobesh. Juma lile lile mzee mmoja aliingia dukani kwa Herman, akatazama mipira ya kufungia mizigo, akauliza kwa adabu zote, "Kapteni, kamba umeipata?" Kesho yake akaja mwingine. Watoto wakalidaka swali hilo wakitoka shule. Kufikia Krismasi Herman alikuwa ameacha kuuza kamba, na watu waliendelea kuulizia.

Agatha alipita pale kila siku na baiskeli yake, akielekea shambani, akirudi. Yeye peke yake hakuwahi kuuliza.